Kocha Akifungiwa, Timu Ihukumiwe Vipi?

Na Mwandishi Wetu, Unguja

Katika baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuanzia Jaws Corner hadi Darajani, matokeo ya mchezo huendelea kujadiliwa siku nyingi baada ya filimbi ya mwisho. Hujadiliwa bao lililokataliwa, mchezaji aliyeachwa benchi na mwamuzi aliyepitisha kosa. Lipo suala moja, hata hivyo, ambalo hutajwa kwa nadra ingawa athari zake ni kubwa: timu hupatwa na nini pale kocha wake anapofungiwa katikati ya msimu au mashindano, na je, matokeo inayoyapata wakati kocha huyo hayupo yahesabiwe sawa na matokeo mengine?

Swali hili si la kinadharia kwa Tanzania. Taifa lilikutana nalo uso kwa uso Januari 2024 nchini Ivory Coast, na aliyekabidhiwa mzigo wa kulijibu uwanjani alikuwa mwalimu wa soka kutoka hapa Zanzibar. Wakati ambapo Tanzania, Kenya na Uganda zimekabidhiwa dhamana ya kuandaa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na wakati ambapo vyuo vyetu vinaendelea kujenga timu za soka, kikapu na netiboli, ni vyema kulitazama suala hili kwa utulivu kabla halijatukuta tena.

Tuanze na tukio lenyewe. Tarehe 17 Januari 2024, Taifa Stars ilifungua kampeni yake ya kundi F kwa kufungwa mabao 3-0 na Morocco mjini San Pedro. Kabla ya mchezo huo, kocha mkuu wa wakati huo, Adel Amrouche, alinukuliwa katika mahojiano na televisheni akidai kuwa Morocco ina ushawishi mkubwa katika maamuzi ya soka la Afrika, ikiwemo upangaji wa waamuzi na muda wa mechi. Shirikisho la Soka la Morocco liliwasilisha malalamiko, na Bodi ya Nidhamu ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ikamfungia Amrouche mechi nane pamoja na kumtoza faini ya Dola za Marekani 10,000. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, nalo likamsimamisha kazi na kumteua Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, kuwa kocha wa muda, akisaidiwa na Juma Mgunda.

Yote hayo yalitokea ndani ya siku nne, kwani mchezo wa pili dhidi ya Zambia ulikuwa umepangwa kuchezwa tarehe 21 Januari. Wachezaji waliokuwa wamejiandaa kwa mipango ya mwalimu mmoja walitakiwa kuingia uwanjani wakiongozwa na mwalimu mwengine, tena katika mashindano makubwa kuliko yote barani. Hapakuwa na mechi ya kirafiki ya majaribio, wala wiki mbili za kambi, wala nafasi ya kubadilisha kikosi kilichokwisha kusajiliwa.

Matokeo yake yanastahili kukumbukwa kwa usahihi. Dhidi ya Zambia, Simon Msuva aliipatia Tanzania bao dakika ya 11. Zambia ilipunguzwa kuwa na wachezaji kumi kabla ya mapumziko, na Tanzania ikaulinda uongozi wake hadi dakika ya 88, pale Patson Daka aliposawazisha kwa kichwa. Siku tatu baadaye, mjini Korhogo, Tanzania ilitoka sare ya 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pointi mbili, zote zikiwa zimepatikana chini ya kocha wa muda, hazikutosha. Tanzania ilimaliza ya nne katika kundi hilo na kurejea nyumbani.

Ukokotoaji wa pointi unaonyesha namna uzi ulivyokuwa mwembamba. Morocco iliongoza kundi kwa pointi saba, Kongo ikafuzu katika nafasi ya pili kwa pointi tatu tu, huku Zambia na Tanzania zikiwa na mbili kila moja. Iwapo Tanzania ingelihimili dakika chache zilizosalia dhidi ya Zambia, na matokeo mengine yakabaki kama yalivyokuwa, ingelimaliza na pointi nne na kushika nafasi ya pili. Safari ya taifa zima, kwa maana hiyo, ilikatika kwa mpira mmoja wa kichwa, katika mchezo ambao timu ilikuwa na kocha mwenye siku chache kazini.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa kocha aliyefungiwa angelizuia bao lile. Inawezekana kabisa kuwa mabadiliko yale ndiyo yaliyoipa timu uhai mpya, kwani Tanzania iliyochapwa mabao matatu katika mchezo wa kwanza haikufungwa mchezo wowote kati ya miwili iliyofuata. Lakini jambo moja halina shaka: jedwali la msimamo halikuuliza nani alikuwa amekaa kwenye benchi. Pointi ni pointi. Hakuna kamati iliyokaa kutafakari kuwa Taifa Stars ilicheza theluthi mbili za hatua ya makundi bila ya mwalimu aliyeiandaa.

Katika upande mwengine wa dunia, hali ni tofauti, na tofauti hiyo inatusaidia kulielewa suala letu. Nchini Marekani, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu huandaliwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, na hushirikisha timu 68 kila mwezi Machi. Sehemu ya timu hizo huingia moja kwa moja kwa kutwaa ubingwa wa ligi za kanda zao. Zilizobaki huchaguliwa na kamati, ambayo hukaa faraghani kupitia rekodi ya kila timu: iliwafunga nani, ilifungwa na nani, ilicheza wapi, na ilikuwa katika hali gani. Mwaka 2016, kwa mfano, timu 32 ziliingia kwa ubingwa na 36 zilichaguliwa na kamati ya watu kumi.

Kwa kuwa uteuzi huo hutegemea pia busara na hauishii kwenye hesabu pekee, kamati ina nafasi ya kuzingatia kama mchezaji muhimu aliumia au kama kocha hakuwepo. Hapo ndipo mjadala wa makocha waliofungiwa unapopata uzito. Timu ambayo haikutwaa ubingwa, na ambayo rekodi yake ipo mpakani, inaweza kuingia au kuachwa kutokana na namna kamati inavyozitafsiri mechi chache zilizochezwa wakati kocha mkuu ametengwa.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Syracuse katika msimu wa 2015 na 2016. NCAA ilikuwa imemkuta kocha Jim Boeheim na wajibu katika ukiukaji wa kanuni uliodumu kwa miaka kadhaa katika programu yake, na ikamfungia mechi tisa. Katika kipindi hicho hakuruhusiwa kuwasiliana na wachezaji wala wasaidizi wake. Timu ilikabidhiwa msaidizi wake wa muda mrefu, Mike Hopkins, ambaye katika mechi hizo tisa alishinda nne na kupoteza tano, ikiwemo moja dhidi ya St. John's, timu iliyokuwa na msimu mbaya sana mwaka huo.

Syracuse ilifika siku ya uteuzi ikiwa na ushindi mara 19 na vipigo 13, rekodi ambayo kwa kawaida huiweka timu roho juu. Wapo waliosema kuwa timu iliyopoteza kwa wanyonge haistahili kuingia, na wapo waliosema kuwa vipigo vile havikuwa sura ya kweli ya timu. Kamati iliichagua na kuipa nafasi ya kumi katika kanda yake. Kilichofuata kiliwashangaza wengi: Syracuse ilishinda mechi nne mfululizo na kufika nusu fainali mjini Houston, ikatolewa na North Carolina kwa pointi 83 kwa 66. Waliotetea uteuzi wake walipata hoja, ingawa waliopinga nao waliuliza swali la haki: je, ni sawa chuo kilichokutwa na makosa kipunguziwe uzito wa adhabu yake kwa njia ya huruma ya wateuzi?

Msimu huo huo ulitoa mfano wa kinyume. Kocha Larry Brown wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist naye alifungiwa mechi tisa. Timu yake, ikiongozwa na msaidizi Tim Jankovich, ilishinda zote tisa, na kwa ujumla ikashinda mechi 18 za mwanzo wa msimu bila ya kupoteza. Hata hivyo haikuingia katika mashindano ya Machi, si kwa sababu kamati haikuridhika nayo, bali kwa sababu adhabu iliyotolewa kwa chuo ilikuwa imeizuia timu yenyewe kushiriki. Wachezaji ambao wengi wao hawakuhusika na kosa lolote walimaliza msimu wao wakiwa watazamaji.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Februari 2022, kocha Juwan Howard wa Michigan alifungiwa mechi tano na kutozwa faini ya Dola 40,000 baada ya kumpiga kichwani kocha msaidizi wa Wisconsin katika vurugu zilizozuka mara tu mchezo ulipomalizika. Zilikuwa mechi tano za mwisho za ligi, ndizo ambazo wateuzi huziangalia kwa makini. Msaidizi wake, Phil Martelli, mtu aliyewahi kuwa kocha mkuu kwa zaidi ya miongo miwili mahali pengine, alishinda tatu na kupoteza mbili. Michigan iliteuliwa ikiwa na ushindi mara 17 na vipigo 14, na ikavuka hadi hatua ya timu 16 bora.

Mtanzania anayefuatilia kikapu anaweza kuongeza kumbukumbu nyengine. Hasheem Thabeet, kijana wa Kitanzania aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA mwaka 2009, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Katika mchezo wa kwanza wa mashindano ya Machi mwaka huo, Calhoun hakuwepo uwanjani kwa sababu ya maradhi. Msaidizi wake, George Blaney, alisimama mahali pake na Connecticut ikashinda kwa pointi 103 kwa 47, kisha ikaendelea hadi nusu fainali. Miaka michache baadaye Calhoun huyo huyo alifungiwa mechi tatu za ligi kwa makosa ya usajili. Mara zote mbili chuo kilikuwa na mtu tayari wa kushika nafasi.

Ukiiweka mifano hii pamoja na ile ya San Pedro, inajitokeza picha moja. Zipo njia mbili za kuamua nani aendelee katika mashindano. Njia ya kwanza ni ya jedwali, ambayo haina huruma wala upendeleo. Njia ya pili ni ya uteuzi wa kamati, ambayo inaweza kuzingatia mazingira lakini pia inaweza kutiliwa shaka. Katika njia zote mbili, kilichoiokoa timu au kuiangusha hakikuwa ukali wa adhabu peke yake. Kilikuwa ni ubora na utayari wa mtu wa pili.

Hoja hii inathibitishwa na yaliyofuata nyumbani. Hemed Suleiman hakuokotwa njiani. Desemba 2017 aliiongoza Zanzibar Heroes katika Kombe la Chalenji nchini Kenya, ambako timu yetu iliifunga Kilimanjaro Stars 2-1, ikaitoa Uganda katika nusu fainali kwa matokeo kama hayo, na ikafika fainali mjini Machakos. Huko ilitoka sare ya 2-2 na wenyeji kabla ya kupoteza kwa mikwaju ya penalti 3-2. Mwalimu aliyepewa Taifa Stars kwa dharura, kwa hiyo, alikuwa amekwishaonja shinikizo la mashindano ya kimataifa, anawafahamu wachezaji na anazungumza nao lugha yao.

Baada ya Ivory Coast aliendelea na kazi. Chini yake Tanzania ilifuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 jijini Dar es Salaam tarehe 19 Novemba 2024, na ilimaliza kundi lake ikiwa ya pili kwa pointi kumi. Agosti 2025, katika mashindano ya wachezaji wa ndani, CHAN, ambayo Uwanja wa Amaan ulikuwa miongoni mwa viwanja vyake, aliifikisha timu robo fainali ikiwa imeongoza kundi kwa pointi kumi, kabla ya kufungwa 1-0 na Morocco. Novemba mwaka huo TFF ilifanya mabadiliko na kumkabidhi Miguel Gamondi timu kwa ajili ya fainali zilizochezwa Morocco. Huko Tanzania ilipata tena pointi mbili, kwa sare za 1-1 dhidi ya Uganda na Tunisia, na safari hii zikatosha kuingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, ikiipita Angola kwa wingi wa mabao ya kufunga.

Pointi mbili zilizoirejesha timu nyumbani mwaka 2024 ndizo pointi mbili zilizoivusha katika fainali za 2025. Hilo linatukumbusha kuwa katika mashindano ya muda mfupi, mpaka kati ya kufuzu na kuaga ni mdogo sana, na kwamba tukio lolote la nje ya uwanja, hata la kauli ya dakika chache mbele ya kamera, linaweza kuusogeza mpaka huo.

Upo pia upande wa gharama ambao mara nyingi husahaulika. Majirani zetu wa Kenya walikutana nao, na kwa bahati mbaya walikutana nao kupitia mwalimu huyo huyo. Mwaka 2014, Amrouche akiwa kocha wa Harambee Stars, CAF ilimfungia mwaka mmoja kutokana na tuhuma za utovu wa nidhamu katika mchezo wa kufuzu dhidi ya Comoro, tuhuma ambazo alizikana. Kenya ikaendelea na kampeni hiyo katika hali ya mtafaruku, ikatolewa na Lesotho, na shirikisho likavunja mkataba wake uliokuwa umebakisha miaka kadhaa. Kocha alifungua shauri na akashinda. Deni lililotokana na hukumu hiyo lilipita shilingi milioni 100 za Kenya, na kufikia mwaka 2020 Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lilikuwa likiitishia Kenya kuondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022 iwapo halitalipwa. Adhabu ya mtu mmoja ilizaa uamuzi wa haraka, uamuzi ukazaa deni, na deni likawa tishio kwa kizazi cha wachezaji ambao mwaka 2014 wengine wao walikuwa bado wanasoma skuli.

Hapa ndipo methali yetu inapopata mahali pake: wagombanapo tembo, ziumiazo nyasi. Nyasi katika suala hili ni vijana. Mwanafunzi wa chuo ana miaka mitatu au minne tu ya kuichezea timu yake. Mchezaji wa timu ya taifa ya vijana ana nafasi moja, pengine mbili, kabla umri haujampita. Msimu mmoja ulioharibika kwa kosa la mwalimu haurudi.

Ni kweli kwamba ipo hoja nzito upande wa pili. Adhabu isiyouma si adhabu. Iwapo kila timu itajua kuwa matokeo mabaya ya kipindi cha kufungiwa kocha yatafutwa au kupuuzwa, makocha hawatakuwa na sababu ya kuchunga ndimi na mienendo yao, na viongozi hawatakuwa na sababu ya kuwasimamia. Aidha, timu pinzani zilizocheza na kushinda kihalali katika kipindi hicho zina haki ya ushindi wao kuheshimiwa. Kwa sababu hiyo, makala haya hayapendekezi kulegeza nidhamu. Kocha anayewashambulia waamuzi, anayevunja kanuni za usajili au anayeinua mkono dhidi ya mwenzake lazima awajibike.

Kinachopendekezwa ni kuitenganisha adhabu ya mtu na hatima ya timu kadiri inavyowezekana, na kufanya hivyo kabla ya mashindano, kwa kuwa baada ya mzozo kuzuka huwa ni kuchelewa. Kwa Zanzibar, ambako Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, na vyuo vyengine vya Unguja hushiriki michezo ya vyuo, na ambako timu za kanda na mikoa huchaguliwa kwa ajili ya mashindano ya Muungano na ya Afrika Mashariki, hatua nne zinaweza kuchukuliwa bila ya gharama kubwa.

Hatua ya kwanza ni ya maandishi. Popote ambapo timu au wachezaji huchaguliwa na kamati na si kwa jedwali pekee, kanuni iseme wazi mapema kama kutokuwepo kwa kocha kutazingatiwa, kwa kiwango gani, na kwa sharti gani. Kanuni iliyoandikwa kabla ya msimu huwalinda wateuzi dhidi ya tuhuma za upendeleo na huwapa walioachwa maelezo yanayoeleweka. Kanuni inayotungwa baada ya matokeo, hata ikiwa na nia njema, huonekana kuwa imemkusudia mtu.

Hatua ya pili ni ya watu. Kila timu inayokwenda kwenye mashindano iwe na msaidizi mwenye sifa, leseni inayotakiwa na mamlaka ya kweli, anayeshiriki katika kupanga kikosi na anayesikilizwa na wachezaji. Msaidizi ambaye kazi yake ni kupanga koni na kugawa jezi hawezi kuwa kocha mkuu kwa usiku mmoja. Mafunzo ya walimu wa michezo yanayoendeshwa na mashirikisho yetu, likiwemo Shirikisho la Soka Zanzibar, ZFF, yawalenge wasaidizi kama yanavyowalenga wakuu.

Hatua ya tatu ni ya mikataba. Ajira ya kocha, hata ya chuo, ieleze nini kitafanyika iwapo atafungiwa: nani atashika nafasi, mshahara utakuwaje, na ni kosa la kiwango gani litakalohalalisha kuvunja mkataba. Mfano wa Kenya unaonyesha kuwa kocha aliyefungiwa bado ana haki za kisheria, na kwamba hasira ya siku moja inaweza kulipiwa kwa miaka.

Hatua ya nne ni ya usikilizwaji wa haki na wa haraka. Kocha anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujieleza, na rufaa yake iamuliwe kabla mashindano hayajamalizika inapowezekana. Pamoja na hilo, walimu wafundishwe namna ya kuzungumza na vyombo vya habari. Maofisa habari wa wizara, mashirikisho na vyuo wana wajibu katika eneo hili, kwani kauli nyingi zinazozaa adhabu hutolewa kwa kukosa maandalizi kuliko kwa nia mbaya.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imewekeza katika miundombinu ya michezo, na Uwanja wa Amaan uliofunguliwa upya Desemba 2023 ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Uwekezaji katika nyasi, taa na majukwaa, hata hivyo, hautoi matunda yake yote iwapo benchi la ufundi litaendelea kumtegemea mtu mmoja ambaye akiondoka, mipango yote huondoka naye. Gharama ya kumwandaa mtu wa pili ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kuujenga uwanja.

Fainali za 2027 zitakapowadia, macho ya Afrika yatakuwa Afrika Mashariki, na shinikizo kwa walimu wetu litakuwa kubwa kuliko wakati wowote. Hakuna anayeweza kuahidi kuwa hapatatokea kauli ya hasira, mzozo wa mstarini au barua ya Bodi ya Nidhamu siku tatu kabla ya mchezo muhimu. Kinachoweza kuahidiwa ni kuwa barua hiyo ikifika, mtu wa kushika nafasi atakuwa anajulikana, kanuni zitakuwa zimeandikwa, na wachezaji wataingia uwanjani wakijua kuwa kosa lisilo lao halitafanywa kuwa lao.